Ubao wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo hauna hali. Matofali tangu asubuhi. Ubao wa jukwaa la ujenzi, ghorofa ya tatu, una ufa — nimeukanyaga ukalia! Nikashuka kumwambia nyapara. Yeye hapandi, goti bovu, na huku ugenini Kiswahili hakijui. Ni mzee, rika la baba, basi nikavua kofia, nikatabasamu, nikasema polepole: "Litol bedi, bosi," yaani mbaya kidogo. Akacheka. Akanipiga bega, akaenda zake. Nimekosea wapi?

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza Profesa, fundi wa kuchomelea ninayeishi naye chumba kimoja. Jina tulimpa sisi, kwa sababu anajua Kiingereza. Kacheka hadi kamwaga chai. Eti nimesema kama mtu anayeomba chumvi!
— Kaka, achana na litol. Sema veri denjarasi, hatari sana. Paza sauti, kunja uso.
— Nimkunjie uso mzee wa watu? Mama akisikia je?
— Mama hapandi lile jukwaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribia kwa mpishi wa kambi. "Supu veri bedi!" Uso nimeukunja. Kanuna, kanipa nusu bakuli. Huyu kaelewa mara moja! Lakini mbele ya nyapara sauti ilinywea. Maneno niliyasema yote, veri, denjarasi, yote — ila kofia ilikuwa mkononi na meno nje. Kajibu kitu kama sawa, sawa, kesho. Naye mwenyewe husema kila kitu kwa sauti hiyohiyo. Kesho ya kweli au ya kunifukuza? Sijui. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 6 Machi
Mapumziko ya chai. Ubao ni uleule. Na Profesa kapangiwa huko juu leo, kuchomelea vyuma! Kamwambia nyapara mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka. Nyapara kamjibu: mwenzako anaukanyaga kila siku, anasema huku anacheka, wewe unaogopa nini? Profesa kanitafsiria neno kwa neno. Akikataa kazi, anarudishwa kwao.
Nyapara kapita hapa sasa hivi. Kaniinulia dole gumba: "Gud?" Na langu — Mungu wangu, sijui limetokea wapi — likainuka.
Kengele. Profesa anafunga mkanda wa zana apande. Kofia naiacha kichwani, naenda kumwambia tena. Nyapara yuko pale kwenye ngazi, ananiona nasimama, ameshaanza kutabasamu.