Brashi za Nywele

Keumbu, Kisii.
6 Agosti 2025.

Mpendwa dada Marion,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe? Na shemeji Angwenyi, mguu wake umepona? Joto la Mombasa bado linakusumbua? Sisi tu wazima wa mwili, chai inachumwa na mvua inanyesha kila alasiri. Moyo ndio hauna raha. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu siku hizi ninachoandika kwenye simu kinazunguka soko zima.

Unajua shuleni nilipewa kufundisha Sanaa Bunifu, mimi niliyesomea Kemia. Mwezi wa nne tukapelekwa warsha mjini Kisii. Sikutaka kwenda, lakini dada, nilifurahi kama mtoto! Mkufunzi wetu, Natasha, alitufundisha kutengeneza rangi kwa udongo, makaa na majani, na brashi kwa vijiti na manyoya ya mkia wa ng'ombe. Kisha kila mmoja akaambiwa akawafundishe walimu wa kwao.

Zamu yangu ilikuwa mwezi jana, hapo Nyakoe. Yale manyoya yalikuwa magumu mno, yanakwaruza karatasi. Nikajitia ujanja. Nilimpelekea Nyabuto kinyozi mfuko mtupu wa unga, nikamwomba anijazie nywele anazofagia. Hebu niambie, akili yangu ilikuwa wapi? Sisi tuliolelewa na mama wa kufukia hata kucha, zisiokotwe na wachawi!

Walimu walichora vizuri, wakicheka. Kisha mwalimu Mokua akainua brashi yake akaniuliza, "Mwalimu Beverlyne, hizi ni nywele za nani?"

Nikamjibu ni za watu tu, kutoka kwa kinyozi. Akaiweka chini polepole, akaenda kunawa mikono. Wengine wakamfuata. Kufikia jioni picha ya brashi ilikuwa imefika Nyamache, na chini yake wameandika omorogi. Mimi, mchawi!

Labda yangepita. Lakini mtoto wa jirani yetu Kwamboka, aliyenyolewa kwa Nyabuto wiki hiyohiyo, amelazwa na homa. Madaktari wanasema ni malaria kali, ila hakuna anayewasikiliza. Nyabuto amefunga kibanda, amekimbilia kwa wakwe zake. Vijana wakipita langoni wanapunguza mwendo, wanatazama paa letu. Wewe mwenyewe unajua nyumba zilizochomwa huku kwa maneno madogo kuliko haya. Naogopa, dada. Hata mbwa akibweka nazima taa.

Namwombea mtoto huyo kila saa, kisha naona aibu, maana sijui kama namwombea yeye au najiombea mimi.

Walter anasema tusiondoke, eti tukihama watasema tumekiri. Mzee wa kanisa alikuja akatuombea akiwa amesimama mlangoni, kiti hakukitaka. Na mama mkwe, ambaye kichwa chake nimekinyoa mimi tangu niolewe, Jumapili alijifunga kitambaa akaenda kunyolewa kwa binti yake. Hakunitazama. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kwa hiyo barua hii anakuletea Sheila wangu, akiwa na binamu Job. Anadhani amekuja kwenu likizo. Mwache adhani hivyo. Shule zikikaribia kufunguliwa na simu yangu hujaiona, mtafutie nafasi huko huko.

Msalimie sana shemeji, Ruth na watoto wote, na mama wa Job ukimwona. Mungu awafunike, asiwaondolee mkono wake.

Kuna jambo moja nilitaka kulinyamazia, nimeshindwa. Nywele za Sheila zimekuwa ndefu. Ukimnyoa, dada, usiache hata unywele mmoja sakafuni. Zichome. Najua utakavyonifikiria ukisoma hapa. Zichome tu.

Mdogo wako akupendaye na kukutegemea,
Beverlyne