Santuri Niliyoifuta kwa Spiriti

Dixon Road, Toronto
Jumanne, baada ya zamu

Baba mpendwa,

Pokea salamu za binti yako ambaye bado ana meno yote na amenenepa kidogo kwa sababu ya baridi. Goti lako linasemaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umekataa kulipeleka hospitali, ati litapona likiona hakuna anayelibembeleza. Ng'ombe mwekundu amezaa? Na redio yako je, majirani wameizoea au bado wanaiombea betri iishe? Mimi huku ni mzima. Tunakaa ghorofa ya kumi na moja, mimi na Mama Neema, yule mama wa Bukavu niliyekueleza. Ndege zinazotua uwanjani hupita karibu na dirisha letu, nasi tumezoea kunyamaza katikati ya maneno, zipite, kisha tumalizie tulichokuwa tukisema.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo lenyewe ni refu kwa simu, na pia linahusu muziki wako. Nilikosa, Baba. Tena lilikuwa kosa la mtu msafi, ambalo nadhani ni baya kuliko mengine, maana unalifanya huku unajisifu.

Unajua kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Tangu Januari nimepewa mzee mmoja kule Richmond Hill, mwenye miaka tisini na miwili. Namwita Mzee, naye amelipenda jina hilo kwa kuwa nilimwambia ni la heshima. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nakunja mashuka aliposukuma kiti chake hadi kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, akaweka santuri nyeusi, nzito kama sahani ya udongo. Akatoka mtu na gitaa, anaimba polepole habari za treni na nyumba iliyoachwa, na kila mwisho wa ubeti anapandisha sauti na kuivunja kooni. Nikasema, huu mbona ni muziki wa kwetu wa Jumapili. Mzee aliniuliza mara mbili nimesema natoka wapi. Nikamweleza kwamba Nyandarua, Jumapili alasiri, mtu anaweza kutoka kanisani hadi kwake bila kupoteza ubeti hata mmoja, maana kila nyumba imefungulia redio wimbo uleule. Akataka kujua kama tuna wachunga ng'ombe wa kofia kubwa. Nikamjibu kofia zipo, farasi ndio hawajafika. Tangu siku hiyo tukaelewana.

Aliyekuwa akiimba ni baba yake mzazi. Mzee alinisimulia kidogo kidogo, siku baada ya siku, wakati wa kumkata kucha. Baba yake alikuwa mchimba migodi huko kaskazini. Hali ya uchumi ilipoharibika mgodi ukafungwa, na watu wazima wakawa wanashinda wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao kama wageni. Makampuni ya santuri nayo yalikuwa hoi, hakuna aliyekuwa akinunua bendi kubwa tena. Kilichobaki kuuzika kidogo ni nyimbo za watu wa mashambani, kwa sababu mwimbaji ni mmoja, gitaa ni lake, na hahitaji kulipiwa hoteli. Basi baba yake akadandia treni ya mizigo hadi Montreal, akaimba nyimbo mbili, akarudi.

Ungependa kusikia walivyofanya, wewe mtu wa redio. Chumba kilitundikwa mablanketi ukutani. Jiko la kupasha joto lilizimwa kwa sababu lilikuwa linanguruma, kwa hiyo mtu aliimba akitetemeka. Sauti haikuhifadhiwa kwanza mahali popote. Ilichorwa moja kwa moja kwenye bamba la nta lililokuwa likizunguka. Taa nyekundu ikiwaka unaanza, na dakika tatu zikiisha lazima uwe umemaliza. Ukikosea, nta ile imeharibika. Miaka ya neema wangekupa nyingine ujaribu tena, lakini miaka ile kampuni ilibana, ikawa wimbo mmoja nta moja, utakavyotoka ndivyo utakavyouzwa. Tena walimwagiza aimbe puani kama watu wa kusini mwa Marekani, ndiyo santuri itembee sokoni. Haikutembea. Kampuni ilimtumia santuri yake kwa posta, na nyumbani hawakuwa na gramafoni. Mama yao akaitundika ukutani kwa msumari kupitia tundu la katikati. Baba yao alikufa mwaka uliofuata kwa mapafu ya mgodini, bila kuisikia sauti yake. Mzee alikuwa bado ananyonya.

Kwa hiyo Mzee hana kumbukumbu yoyote ya baba yake, ila ile santuri. Aliye na kumbukumbu ni dada yake, aliyekuwa na miaka mitano, ambaye sasa anaishi kwenye makao ya wazee mbali huko kaskazini. Na dada huyo, Baba, maisha yake yote amekataa. Kila akisikia ule wimbo husema yule ni mtu baki, si baba yetu, baba hakuwa na sauti hiyo. Wamebishana miaka sabini. Wiki mbili zilizopita akapiga simu kwamba ataletwa Jumapili, na kwamba ndiyo safari yake ya mwisho. Mzee aliniambia wazi anachotaka. Alitaka dada yake akubali, mara moja tu kabla hawajafa, kwamba mtu aliyempenda miaka yote hii kwenye santuri ni baba yake kweli, si mgeni aliyetundikwa ukutani kwa makosa.

Sasa nisikilize. Ijumaa, Mzee akiwa amelala baada ya chakula, nikaitazama santuri nikaona ina ukungu na alama za vidole. Kwenye mafunzo yetu tulifundishwa kwamba kitu chochote kinachoshikwa na watu wawili kifutwe kwa spiriti. Nafuta vitasa, nafuta rimoti, nafuta hata miwani. Nikachukua kitambaa kilicholowa spiriti nikaanza kufuta. Kitambaa kikatoka cheusi. Nikafurahi sana. Nikajiambia uchafu wa miaka tisini huo unatoka, na wazungu hawa wana watoto na wajukuu, hakuna aliyewahi kuona. Nikachukua kitambaa cha pili, nikasugua kwa nguvu. Kilipotoka cheusi zaidi ndipo nikaacha kusugua. Santuri za zamani, nimejua baadaye, zilifinyangwa kwa gundi inayotokana na wadudu, na spiriti huiyeyusha. Nilikuwa nafuta wimbo wenyewe. Nikaijaribu, mlango nimeufunga: ikatoa mchachariko wa mafuta kwenye kikaango, na ndani yake mtu wa mbali asiyeeleweka. Nikairudisha kwenye bahasha yake, nikamwamsha Mzee anywe dawa, nikaondoka zamu yangu ilipoisha.

Mama Neema alinisikiliza akimenya viazi. Ushauri wake ulikuwa mfupi: "Nyamaza tu, dada. Ile mashini iko ya zamani. Utasema ni sindano ndiyo iliharibisha." Na si ushauri mbaya. Mzee angeniamini. Sindano za chuma zinakula santuri kweli, yeye mwenyewe husema hivyo. Nilikaa na wazo hilo nikiwa naoga, nikiwa nakula, na kwenye mabasi yote mawili kesho yake asubuhi. Kilichonishinda ni kwamba angeishi siku zake zilizobaki akiamini ameimaliza mwenyewe sauti ya baba yake kwa kuipiga mno.

Nikamwambia akiwa anakunywa uji. "Nimeiharibu santuri ya baba yako. Niliifuta kwa spiriti."

Aliweka kijiko chini. Kisha akauliza, "Pande zote mbili?"

Nikasema upande mmoja, ule tunaoupiga. Akataka aletewe. Akapitisha kidole juu yake, akasema, "Ungeniuliza." Ningependelea anipigie kelele. Nikamwambia akitaka awapigie waajiri wangu wampe mtu mwingine, sitalalamika. Akasema Jumamosi hawapokei simu.

Ndipo akaniambia kuhusu upande wa pili. Mimi nilidhani haupigwi kwa sababu wimbo wake ni mbaya. La. Mama yao aliupiga marufuku. Walipopata gramafoni ya kuazima, miaka mingi baada ya mazishi, aliuweka mara moja watoto wakiwa shuleni, kisha akawaambia umeharibika na mtu asiuguse. Hawakuugusa. Mzee aliupiga mara moja tu, alipomzika mama yake, akiwa mtu mzima mwenye mvi. Katikati ya wimbo baba yake anakohoa. Nta ilikuwa moja, hakukuwa na nyingine, kwa hiyo kampuni iliuza na kikohozi chake. Mzee akainyanyua sindano palepale. Alisema aliona ni kama kumchungulia mtu akifa.

Jumapili dada yake akafika. Kabibi kadogo, kamevaa glavu, kenye masikio makali kuliko yangu. Mzee alianza kumweleza kwamba mwaka huu watasikiliza upande mwingine, bila kunitaja. Nikamkatiza nikasema ni mimi niliyeuharibu ule wa kwanza, na nikasema kwa nini. Dada akasema hasara si kubwa, yeye yule mtu hamjui hata hivyo. Mzee akageuza uso dirishani. Nikazungusha mpini wa gramafoni, nikaweka sindano.

Ni sauti ileile ya puani, ya kuazima. Dada alikuwa anaangalia glavu zake. Ubeti wa pili ulipofika katikati, mwimbaji akakohoa, vikohozi viwili vifupi na kimoja kirefu kinachovutwa kutoka chini, gitaa halikusimama, kisha akaendelea kuimba. Dada akainua mkono.

"Huyo ndiye baba," akasema. "Ameingia. Anavua buti."

Mzee akamuuliza kama ana hakika. Akamjibu kwamba alikuwa akisikia hivyo anakimbilia mlangoni, na kwamba mama yao alikuwa akimvuta nguo kwa nyuma asimrukie mtu mwenye vumbi la mgodi. Alikuwa hajawahi kumwambia hilo. Alikuwa amelisahau yeye mwenyewe. Mzee hakunitazama, alionyesha tu kwa kidole kwamba nirudishe sindano. Nikairudisha nyuma kidogo ya kikohozi. Tukarudia mara nne, na hakuna aliyesikiliza wimbo. Mzee alilia, dada yake akamshika mkono, nami nikalia jikoni ingawa sikuwa na haki hiyo.

Jana niliripoti kosa langu mwenyewe kazini. Nimepewa onyo la maandishi, na kazi bado ninayo. Mama Neema anasema mimi ni mjinga mwenye bahati.

Nisalimie Mama, mwambie koti alilonifumia ndilo navaa ndani ya lile la dukani. Msalimie kaka yangu wa trekta, na mkewe, na shangazi wa viazi ambaye najua barua hii ataisoma kabla haijakufikia. Msalimie mwalimu wa kwaya, ila usimwambie kwamba huku siimbi.

Umewahi kuniuliza kama nikiusikia muziki wako huku nakukumbuka. Nilikujibu ndiyo kwa adabu. Ukweli, Baba, wewe nakukumbuka unavyopangusa viatu kwenye gunia mlangoni, mara tatu, hata siku ya jua kali, na sisi ndani tukikusikia tunakaa vizuri.

Binti yako,
Nyambura