Kwao Raya, Juu ya Ukingo wa Garsby

Nyumba namba 41,
Beechholm Road,
Thornton Heath,
London.

9 Oktoba 1994

Mpendwa Dada Thuwaiba,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako, goti umelinyoosha juu ya kigoda kama daktari alivyokuamuru, si unapanda ngazi na ndoo ya maji mkononi. Nakujua mimi. Ukiambiwa upumzike ndipo unapokumbuka kuwa ua haujafagiwa. Na presha je? Niambie kweli, usiniandikie ile "sijambo" ya adabu.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baridi imeshaanza, na mimi nimeshaanza kuvaa soksi mbili mbili, mwanangu Raya ananicheka. Anakusalimu sana. Bado yuko kazini kwake maktaba, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tumezoeana hivyo hivyo.

Halwa imefika salama. Yule mgeni wako wa Maskati alinipigia simu, nikaenda kuipokea Edgware Road, kwenye mkahawa wa Waarabu wanakokutana wageni wote wa Kiomani. Alinikalisha pale nikanywa kahawa na kusikiliza habari za watu nisiowajua mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipofika nyumbani Raya akaifungua halwa kabla sijavua koti, na kesho yake hapakuwa na kitu ila kikapu kitupu. Ahsante sana, dada.

Sasa nije kwenye neno lako. Umeniuliza mara ya tatu, na safari hii umeuliza kwa ukali: ninarudi kukaa Unguja au sirudi? Umesema chumba cha juu umeshakipaka chokaa, umekifunga kwa ufunguo ili kinisubiri, na mjukuu wako Time analala ukumbini juu ya mkeka. Umesema kitovu changu kimezikwa hapo Mkunazini, sasa nazeekea nini kwa watu.

Jibu nitakupa humu humu, usiikunje barua. Lakini nivumilie kwanza nikuhadithie habari za Garsby, maana huko ndiko jibu lilikopatikana.

Jina la Garsby ulikuwa ukiliona juu ya bahasha zangu za zamani. Ni kijiji cha pwani, mashariki ya nchi hii, juu ya ukingo mrefu wa udongo. Tulipotoka Unguja mwaka ule wa Mapinduzi, mume wangu Hilal, karani wa serikali mwenye mwandiko wa kupigiwa mfano, hakupata kazi yoyote ila ya kuosha masufuria katika kambi moja ya likizo huko. Siku ya kwanza nilipoiona bahari yao nililia. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na upepo wake ulikuwa unakata masikio. Hilal akaniambia, "Usiitazame, basi." Na mimi nikakaa wiki nzima sifungui pazia.

Tulipanga vyumba viwili kwa mjane mmoja, Bi Dorothy. Wewe ulimpenda kwa barua tu, kwa sababu alikuwa akikutumia picha za paka wake. Mwanamke mfupi, mbishi, mikono myekundu kwa kuchemsha kaa kila siku ya Mungu na kuwauzia wapita njia mlangoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kijiji kile. Alikuwa hana haja ya kitabu, historia yote alikuwa nayo kichwani, tena na mizengwe yake.

Barabara yetu, dada, ilianzia nyumba namba saba. Nilidhani ni ujinga wa posta. Kumbe moja mpaka sita zilikuwepo, zimeshaliwa na bahari! Bi Dorothy alikuwa akinionyesha kwa kidole kule majini: pale palikuwa na duka la mkate, pale alikaa mwalimu wa skuli, pale ndipo James alipomposa. James ni mumewe, marehemu. Alikuwa ananionyesha hewa tupu na mawimbi, na anasema "pale" kama vile watu wamo ndani wanakunywa chai.

Alinihadithia majira ya samaki zamani, wasichana wa Kiskoti walivyokuwa wakija kwa treni na visu vyao kupasua samaki, wanaimba tangu alfajiri, na vidole wamevifunga vitambaa. Alinihadithia usiku wa mafuriko makubwa, miaka kumi na kitu kabla yetu, alivyompandisha mbuzi wa jirani juu ya ngazi mpaka chumbani kwake. Kila mzee wa pale alidai kuwa husikia kengele za kanisa la kale lililozama. Mimi nilitega sikio miaka yote ile, sikusikia ila birika lake likipiga mluzi.

Raya alizaliwa kwenye vyumba vile, kwenye theluji ya mwaka sitini na sita. Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniandikia kabla: kitovu kikikatika kisitupwe, kizikwe kwenye ardhi na kipandiwe mnazi, mtoto apate kwao. Unakumbuka, wewe ndiwe uliyemwandikia, na ukaongeza pembeni kuwa mnazi usisahaulike. Mnazi! Garsby hata mchicha haukubali.

Hilal akatoka na chuma cha kuchokolea moto, hatukuwa na jembe, akawa anapigana na ile ardhi iliyoganda. Bi Dorothy akamwona dirishani. Akatoka mbio na viatu vya ndani akidhani paka wake amekufa tunamzika kwa siri. Tulipomweleza, na Kiingereza changu cha siku zile, nilitegemea atatufukuza. Badala yake akaingia ndani akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na kitu kikavu kama ngozi ya kitunguu. Akasema James alizaliwa na kitu kile usoni, utando wa uzazi uliomfunika, na mama yake alikihifadhi, kwa sababu wavuvi wa pwani ile wanaamini aliyezaliwa nacho bahari haimchukui. James alifanya kazi maisha yake yote kwenye mashua ya uokozi, na alikufa kitandani kwake, mkavu. Akamwambia Hilal, "Chimba zaidi, hapo mbwa watafukua." Majira ya joto yalipofika akaleta mche wa matufaha, haya ya Kizungu, akaupanda pale pale kwa mkono wake.

Tangu siku ile sikumwita mwenye nyumba tena. Nilimwita mama, na aliitika.

Mti ule haukusimama wima hata siku moja, upepo uliulaza kuelekea bara. Matunda yake machungu kiasi cha kufumba jicho. Hilal akayatia pilipili na siki akafanya achari, tukala na wali, na Bi Dorothy akala na jibini, akasema ndiyo dawa ya Januari. Raya akiulizwa na watoto wenzake wewe ni wa wapi, alikuwa anauonyesha mti. Alikuwa anasema, mimi nimezikwa pale. Walimu wakatuita skuli kuuliza kuna nini nyumbani.

Tulihamia London Raya ana miaka kumi, Hilal alipopata kazi ya ofisi. Bi Dorothy tulikuwa tukimtembelea kila mwaka mpaka alipofariki, na nyumba ikabaki kwa mpwa wake. Huyo mpwa alipiga simu mwezi uliopita. Bahari imeshafika. Nyumba itabomolewa kabla haijaanguka yenyewe, na kama tunataka kuiona twende upesi.

Na hapa nikuambie kweli, dada. Wakati ule nilikuwa nimeshakata shauri la kuja. Hilal ameshatangulia mbele ya haki, pensheni yangu ya hospitali inatosha hata huko, na Raya mimi nilimwona ni mtoto wa Kiingereza, yuko kwao, anajua basi zote na sheria zote, atahitaji nini kwangu zaidi ya salamu za Idi? Sanduku nilishanunua. Nilikuwa nangoja tu namna ya kumwambia.

Nikasema basi, twende Garsby tukaage. Jirani yangu Peris, yule muuguzi wa Kikenya ninayekutajia kila barua, akasema, "Mama Raya, mimi Jumamosi niko off, nitawapeleka na gari, si mbali hivyo." Ilikuwa mbali hivyo. Alitutilia nyimbo za kanisani njia nzima, na mimi nikawagawia sambusa.

Dada, barabara yetu sasa inaanzia namba kumi na tisa. Nyumba ya Bi Dorothy ndiyo hiyo kumi na tisa, ya kwanza kutoka baharini, imezungushiwa uzio, milango imeshang'olewa. Ua hakuna. Mahali pa mti hapana. Nilijikuta nami nanyoosha kidole baharini, namwambia Peris, pale ndipo tulipokuwa tukianika nepi, pale Hilal alikuwa akisali penye jua. Nikacheka kwanza, maana nilijisikia Bi Dorothy mtupu.

Raya alitangulia mpaka kwenye uzio akasimama, upepo unampiga. Nikamwita aondoke, ukingo unamomonyoka. Akasema, "I'm fine, Ma." Nikamfuata. Hakuwa analia. Alikuwa ametoa macho, anatafuta, kama mtu aliyeweka kitu mezani na sasa hakioni. Kisha akanigeukia, na kwa Kiswahili, mtoto huyu ambaye hata maji huniomba kwa Kiingereza, akaniambia, "Ma, kwetu kumekwenda."

Nikamshika mkono mpaka kwenye gari.

Miaka thelathini, dada, nimejihesabu mimi ndiye niliyekosa kwao. Nimelia mbele ya mtoto yule kila Idi, kila nikisikia taarab, kila ukiniletea karafuu. Nilidhani yeye tumemnusuru na jambo hilo. Kumbe mimi kwetu kungaliko. Wewe umo ndani yake sasa hivi, unapika, unagombana na wauza samaki, na mlango nikiubisha utafunguliwa. Kwao Raya hata pa kusimama hapana.

Na mimi nilikuwa nataka kumuaga huyo.

Basi jibu ni hilo. Siji kukaa, dada. Nisamehe kwa chokaa na kwa kungoja. Najua utaisoma hapa utanuna, utaiweka barua chini ya mto, na kesho utaisoma tena. Mimi mwenyewe naiandika na machozi yananitoka, maana kile chumba nakitaka. Nakitaka dirisha lile linaloingiza adhana na harufu ya mkate wa kumimina. Lakini mtoto amebakiwa na mama tu, na mama nikiondoka atakuwa na nini cha kuonyesha akiulizwa?

Mfungulie Time chumba, tafadhali. Alale juu, aning'inize nguo zake, abandike picha zake ukutani, wala usimkataze. Sisi tukija likizo, mimi na Raya, tutalala popote.

Nisalimie Time, na mama yake, na kaka Nassor wa Malindi na wanawe wote. Mwambie fundi Hamdani dawa ya macho nitampa mtu wa kwanza atakayesafiri. Ukipita makaburini mwombee Mama, na mtajie Bi Dorothy pia, hawakuonana lakini walisaidiana kunilea. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulainishie hilo goti, na akuweke mlangoni hapo miaka mingi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, asiyekuja,

Zeyana