Jiwe la Gumegume

Muscat, 20 Aprili 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nataraji u mzima wa afya. Mimi mzima, kazi tu zimenizonga, na unisamehe kwamba mazishi ya Baba yalinipita. Huku nnajulikana kwa silaha zangu za kale, na kila mkusanyaji akija humhadithia bunduki yetu ya gumegume, ile ya babu wa Baba, yenye pete za fedha. Je, ubavuni ina alama ya fundi? Jiwe lake la kutoa cheche bado lipo? Usimpe mtu, tafadhali.

Mwanao, Suhail

Mkunazini, 9 Mei 2024

Mwanangu Suhail,

Marahaba. Mie sijambo, magoti tu. Niandikie hivi hivi, simu siisikii vizuri. Bunduki ipo juu ya msumari wake, chumba hiki hiki nnachokalia eda ya baba yako. Alama ipo, mfano wa jani dogo. Jiwe nalo lipo, limebanwa na kipande cha ngozi. Kila Idi baba yako akiipaka mafuta akisema, "Hii ya Suhail, aje aitungue mwenyewe."

Mwanamme wa kuingia humu sasa ni wewe tu. Njoo kabla sijatoka eda. Nyumba imekuwa kubwa mno kwangu.

Mama yako

Muscat, 3 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Nimefurahi sana! Kwa alama hiyo, bunduki ni ya karne ya kumi na nane. Likizo sijapata, na mwezi wa nane tuna maonyesho. Namtuma Sami, mkusanyaji mwenzangu anayekaa huko huko Unguja, Kendwa. Ataingia aipige picha, aitungue, aifunge aniletee kwenye maonyesho. Mkaribishe kahawa.

Mwanao, Suhail

Mkunazini, 14 Julai 2024

Suhail,

Nimekawia kukujibu mpaka nikatoka eda.

Sami alibisha hodi. Jirani yetu Bi Mize alipomwambia nipo edani, alirudi nyuma hadi njiani akaomba radhi. Mtu baki kajua. Wewe uliyezaliwa humu ukanitumia mwanamme chumbani, na baba yako hata udongo wake haujakauka. Nimelia, mwanangu, sikufichi.

Nikapanda kiti, nikaitungua mwenyewe, Mize akampelekea mlangoni. Uliitaka, umeipata. Ila jiwe nimelichomoa, limo kwenye kijaluba changu.

Siku niliyotoka eda, Mize ndiye aliyenifungulia mlango. Nilitazama njia yote.

Mama yako

Muscat, 23 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Sami anasema analo jiwe jingine la zamani, linaingia sawasawa, na kwenye maonyesho hakuna atakayetambua. Nimemkataza kulitia. Atairudisha bunduki kwa Bi Mize, na safari hii atasimama mlangoni bila kuambiwa.

Ijumaa ya tarehe 2 Agosti nnafika. Nitapita kwanza kaburini kwa Baba, kisha nitabisha hodi.

Msumari ule usiung'oe, Mama.

Mwanao