Mkono wa Baba kwenye Misa ya Pentekoste

Wieden, Vienna
22 Mei 1787

Mpendwa Kaka Kajetan,

Kwa taadhima yote inayostahili, na mbele ya paka wetu kama shahidi, natangaza kwamba ufunguo wa besi wa Baba, ile alama anayoichora mwanzo wa mistari ya nota ikafanana na sikio la mbwa aliyelala, umepata mrithi. Mrithi ni mimi.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Wifi Ludmila kifua kimepoa? Mtoto ameota meno? Sisi huku wazima, isipokuwa mkono wa kulia wa Baba. Tangu kiharusi cha Kwaresima unakubali kijiko lakini unyoya wa kuandikia haukubali. Kichwa ni kile kile. Ulimi ndio umezidi.

Asante kwa furushi. Asante kwa manyoya ya bata bukini, yote ya bawa la kushoto, kama mkono wangu upendavyo. Asante zaidi kwa zile nyimbo alizokuandikia Baba ulipooa. Najua wifi hakupenda zitoke nyumbani. Bila hizo tungekuwa tumeshafungasha.

Maana Bwana Stöger, msimamizi wa Mtukufu wetu, mwajiri wa Baba, alikuja kutuambia kuwa mwalimu wa muziki asiyeweza kuandika atapumzishwa, na nyumba hii atapewa mwingine. Muziki wa Misa ya Pentekoste upokewe ukiwa umeandikwa kwa mkono wa Baba mwenyewe, la sivyo basi. Alisema kwa upole, huku akila andazi letu.

Misa ilikuwa tayari kichwani mwa Baba. Akawa anaitamka, nami naandika, nyimbo zako zikiwa mbele yangu. Nilijifunza mkono wake kama mtu anavyojifunza tabia za mbuzi mkorofi. Vijiti vya nota zake hushuka upande wa kulia, wakati wenzake wamekwisha kuhamia kushoto. Alama zake za kimya zimeinama kama watu waliodondosha funguo. Fidla kubwa yeye haziandikii kitu. Huchora mistari miwili ya mshazari na kuziachia zifuate besi, zikipenda.

Nilipomaliza Kyrie, sehemu ya kwanza ya Misa, nilijiona fundi. Mzee Matouš, yule mpiga baragumu, akaitazama, akacheka mpaka akaketi.

“Weee, Walburga! Hii inasomeka!”

“Si ndiyo maana ya kuandika, mzee wangu?”

“Kwa watu wengine. Baba yako siku zote tunampigia kwa kubahatisha. Stöger akiiona hii, mmekwisha.”

“Mpumbavu huyu leo kasema kweli,” Baba akadakia. “Mimi hukosea, halafu nafuta kwa kidole wino ukiwa mbichi. Ukurasa usio na doa si wangu.”

Hapo kazi ikawa kazi. Baba yetu, ambaye hajawahi kukubali kwamba amekosea, akakaa kitini akitunga makosa.

“Weka nota ya kijinga hapo. Zaidi, binti yangu! Hiyo hata Matouš angeipiga.”

Nikiiweka, ananyoosha kidole gumba cha mkono ule ule mgonjwa na kukiburuta juu yake. Gumba halikukataa. Hakuna ukurasa usio na alama yake, kwa hiyo padre akiniuliza, ni mkono wa Baba kabisa. Kwenye Gloria alicheka, mara ya kwanza tangu Kwaresima. Ikanibidi nigeuke kutafuta mchanga wa kukaushia wino, ambao ulikuwa mbele yangu.

Jana tuliipeleka. Mtukufu akafunua ukurasa mmoja mmoja, akasimama kwenye doa kubwa la Credo, akasema, “Naam. Huyu ndiye mwalimu wetu.” Kaka, nyumba ni yetu, na kazi ni ya Baba maisha yake yote. Jumapili itaimbwa.

Nyimbo zako nazirudisha kwa mkono wa Matouš, atakayepitia kwenu baada ya Pentekoste akienda kwao. Mwambie wifi azikague. Doa lolote jipya ni la Matouš.

Nisalimie wifi, mtoto na Shangazi Apolena, umshukuru kwa jibini. Mungu awalinde nyote na awape mavuno ya kutosha. Baba anakubariki, kwa ulimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu,
Walburga

Nyongeza: Leo mke wa Stöger kaniambia sokoni. Mtukufu hajui kusoma nota.