Chumvi ya Shangazi Yako Kashi

Mtaa wa Wafinyanzi,
Olpad, Wilaya ya Surat,
India.

21 Machi 1927, sikukuu ya Holi imeshapita

Mpendwa mjukuu wangu Durlabh,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, kisha ukae chini, maana nina maneno. Hujambo? Mkeo Ujam hajambo? Na huyo mtoto wenu ambaye sijamshika bado, ameshaota meno? Homa ya huko Mombasa imekuacha au bado inakutembelea? Kunywa maji ya tangawizi, na uache kuvaa koti zito juani ili tu uonekane mtu wa serikali. Mimi sijambo. Magoti yananilalamikia, macho yanaona yanachotaka, masikio ni mazima kabisa, kwa bahati mbaya.

Anayeniandikia ni Mani, mke wa mwalimu wa jirani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Tusi likija, alipitishe.

Barua yako ilifika, na kitambaa kilifika, ahsante. Kitambaa kizuri. Barua si nzuri. Umesikia habari ya shangazi yako Kashi, ukaandika hivi: "Neno moja tu, bibi. Shangazi angetamka neno moja tu, kesi ingekuwa yake." Mani aliponisomea hapo nikamwambia anyamaze kidogo. Nikatoka nje kugeuza vyungu juani, maana ningebaki ndani ningerusha kitu, na wewe uko ng'ambo, kingempata Mani bure.

Sasa nisikilize wewe mwenye neno moja. Ulipoondoka hapa ulikuwa hujaota ndevu, na mambo mengine huyajui ila kwa kuambiwa.

Shangazi yako alifiwa na mume wa kwanza akiwa mtoto, hata uso wa mume hajaujua. Alipokua tukamwoza kwa Mitha, kwa ndoa yetu ile ya wajane. Ndoa hiyo haina kuhani, haina moto wa kuzungukwa, haina ngoma. Ni sari mpya, bangili, na kipande cha sukari guru mdomoni, basi, mtu kaolewa. Mama mzazi haendi, ni mwiko. Mimi nilibaki nyumbani nasaga mtama, nalia na kufurahi pamoja.

Wakaishi vizuri. Mitha alikuwa mtu mpole, mikono yake ikishika udongo hata mtungi wa bei rahisi unatoka kama wa bibi harusi. Wakapata Jamna. Na tangu siku ya kwanza Kashi hakulitamka jina la mumewe, kama mimi sikulitamka la babu yako, kama mama yako hakulitamka la baba yako. Ukilitamka unampunguzia siku zake. Alimwita Baba Jamna, na kabla Jamna hajazaliwa alimwita "unasikia?"

Tabu ya Kashi ilikuwa kubwa kuliko yetu. Umekaa sana na Waswahili, nikukumbushe: chumvi kwa lugha yetu ni mithu, karibu sawa na jina la mumewe. Basi Kashi na chumvi pia akaacha kuitaja. Dukani alisema, "Nipe ile ladha." Wenzake walimtania mpaka wakachoka. Jirani anamtuma makusudi, "Kashi, kaniazimie chumvi kwa mama mkwe wako!" naye anacheka, anajifunika uso na kukimbia. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yake. Wewe unayaita neno moja.

Mvua za mwaka jana Mitha akashikwa kifua. Alipoona hainuki tena akamwita mdogo wake, Bhikho. Bhikho akamimina maji ya kiapo kiganjani mbele yetu sote, akasema, "Kaka, shemeji ataishi katika nyumba hii mpaka afe." Akayamwaga maji chini. Mitha akafumba macho siku ile ile.

Maji yale hata hayajakauka vizuri, Bhikho akataka chumba cha Kashi amwekee mwanawe anayeoa. Kashi akasema haondoki, ni kwa mumewe. Bhikho akasema, mume yupi? Akawaambia watu kwamba Kashi alikuwa mpishi tu, kaka yake alimwokota. Mpishi, Durlabh. Na Jamna ameshachumbiwa, nazi ya uchumba imeshapokewa. Nani atamwoa binti wa mpishi asiye na mume? Ndiyo maana tukaenda mahakamani. Hatukwenda kwa ajili ya kuta nne za udongo, kuta nitajenga mimi kwa mikono hii. Tulikwenda kutafuta neno mke.

Nilianza mimi. Wakili wa Bhikho ni kijana mwembamba, anazungumza kama anayetoa mwiba. Nikaeleza habari ya maji. Akaniuliza Bhikho alipewa nini kwa ahadi ile. Nikamwambia alipewa kaka anayekufa kwa amani. Akatabasamu, akamwambia hakimu kwamba kwa sheria ya mikataba ahadi isiyolipiwa chochote si mkataba. Nimefinyanga vyungu tangu sijui kuvaa sari, na sijui chungu kinachotunza maji vizuri kuliko ahadi isiyolipiwa.

Akaniuliza kama niliiona ndoa kwa macho yangu. Nikasema mama haendi. Wakaandika: hakuwepo. Majirani walioenda, wale wanawake waliomvisha bangili, siku hiyo wote walikuwa na wagonjwa nyumbani. Tanuri la mtaa ni la Bhikho, vyungu vyao vinachomwa humo. Siwalaani. Lakini siwasalimii.

Ndipo akasimama Kashi. Amejifunika uso, sauti haimtoki. Wakili wetu akamwuliza, mumeo aliitwa nani? Kimya. Akamwuliza tena. Kashi akasema, "Baba Jamna." Wakili wa Bhikho akasema hilo si jina, hata yeye angeweza kuitwa baba wa mtu. Watu wakacheka. Kashi maskini akajaribu kwa njia yake. Akasema, "Ni kile kinachotiwa kwenye mboga."

"Bizari?" akauliza yule mwembamba. "Mume wako ni Bizari? Au Pilipili? Tuambie, mama, tumwandike Bwana Pilipili."

Mahakama nzima ikacheka, hata askari wa mlangoni. Mtoto wangu anasimama pale anataniwa kwa jina la marehemu, na mimi nimekaa kwenye benchi nimekatazwa kusema.

Wakili wetu akaona haya, akamsaidia. Akamwuliza, "Je, aliitwa Mitha?" Kashi alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa kukubali, nilimwona kwa macho haya. Yule mwembamba akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akasema sheria ya ushahidi inakataza, wakili asimwekee shahidi wake jibu mdomoni. Hakimu akakubali. Swali likafutwa, na kichwa cha Kashi kikafutwa pamoja nalo.

Hakimu alikuwa Mzungu mgeni, simlaumu sana. Alichoka tu. Akamwambia mkalimani aulize kwa mara ya mwisho, huyu mwanamke analijua jina au halijui?

Mkalimani ni Chagan, mtoto wa hapa hapa, mtaa wa pili na wetu. Nimemfuta kamasi huyo. Akamwuliza Kashi. Kashi akavuta pindo la sari akaliuma kwa meno. Chagan akamtazama, akageuka kwa hakimu, akasema kwa Kiingereza neno fupi. Wakaandika. Nikamwuliza wakili wetu, amesema nini? Akasema, "Amesema hajui."

Hajui! Hajui jina ambalo kwa ajili yake ameacha kutaja chumvi maisha yake yote.

Nilimngoja Chagan nje. Nikamwuliza, mama yako anamwitaje baba yako? Akainama. Nikamwuliza tena, maana mimi sina wakili wa kunizuia.

"Anamwita 'wewe bwana'," akasema. "Bibi, usinione hivyo. Ningesema analijua ila halitamki, wangeniuliza nimejuaje. Mimi ni mkalimani, si shahidi. Natafsiri kilichosemwa."

"Na alisema nini?" nikamwuliza.

"Hakusema kitu."

"Basi ungesema hivyo. Ungesema, amenyamaza."

Naye pia akanyamaza. Wala mimi sikusema kwamba hajui.

Hukumu ikatoka kwamba mwanamke asiyejua jina la mume hakuthibitisha kuwa na mume. Wakili anasema tunaweza kwenda mahakama ya juu, lakini wale wa juu hawamwiti mtu, wanasoma yaliyoandikwa. Na yaliyoandikwa ni hakuwepo na hajui. Watu husema lisemwalo lipo. Mahakamani nimejifunza kwamba lisilosemwa halikuwepo hata siku moja.

Siku ya kumtoa nilikwenda mwenyewe kumchukua. Mtaa wote ulitoka kutazama, sasa hakuna aliyekuwa na mgonjwa. Bhikho alisimama mlangoni. Mkewe akamwambia Kashi achukue vyombo vyake. Kashi akatazama jikoni, vyombo vyote alivifinyanga Mitha. Akamwambia mke wa Bhikho, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayepika, "Nipe chumvi yangu."

Alisema mithu. Wanawake wakaziba midomo. Mke wa Bhikho akasimama kama nguzo. Kashi akaingia mwenyewe, akatoka na kile kikopo cha chumvi, akamkabili shemeji yake, uso wazi.

"Mitha," akasema. "Mitha alikuwa mume wangu. Haya, andikeni."

Bhikho akatazama ukuta. Hakuna aliyeandika, hapakuwa na karani. Mtaa mzima ulisikia, na hakuna sheria ya kuupokea mtaa mzima kama shahidi. Nikamshika mkono mwanangu tukaondoka.

Nazi ya Jamna ilirudishwa wiki iliyofuata, na sari juu yake, imekunjwa vizuri. Walituma mzee mmoja, akala chapati zangu, akasema ni amri ya ukoo wao, yeye hana neno. Jamna hakulia mbele yake. Alilia baadaye, akiwa anakanda udongo, na udongo ule sikuufinyanga, niliumwaga.

Sasa wote wawili wako kwangu. Kashi ndiye anayepika. Na tangu siku ile chumvi anaiita kwa jina, hata pasipo haja. "Chumvi iko wapi? Nani kachukua chumvi? Mama, chumvi imetosha?" Haijatosha, imezidi. Mboga haziliki. Nazila zote, nalamba na sahani.

Nimesikia sheria hizi hizi za kwetu, ya mikataba na ya ushahidi, Waingereza wamezichukua wakazipeleka na huko mliko, na kwamba ndizo unazozitumikia. Wewe ndiye Chagan wa Mombasa, mkalimani wa mahakama ya huko. Usikasirike, ni kazi, watoto wanakula. Lakini wake wa watu wetu wako huko pia, na wapo wengine wasio watu wetu wenye miiko yao. Siku moja mmoja wao atasimama mbele yako na pindo mdomoni. Usimwonee huruma, sikutumi huruma. Usiongeze neno. Ila usipunguze pia. Amenyamaza, waambie amenyamaza. Hilo ndilo neno moja langu kwako, na hili hakuna anayekufa ukilitamka.

Mani hapa amejifunza kuandika. Nyuma ya bahasha ataandika jina la mumewe ili jibu lako lipate njia, ataliandika bila kulitamka, na mwiko wake utabaki mzima. Kashi angejua kalamu, angeomba karatasi. Kwa hiyo Ujam akizaa binti, mpeleke shule, hata kama ni kwa ajili ya jina moja tu.

Nisalimie Ujam, mwambie iliki aliyotuma ilifika. Nisalimie Naran wa Kisumu, mwambie bibi hajafa, aandike. Mwambie na mzee Valji wa dukani kwamba dada yake anaendelea vizuri na jicho. Kashi anakusalimu, hana kinyongo na wewe, kinyongo ninacho mimi. Jamna anauliza kama huko kuna wafinyanzi.

Mungu akufunike pale nisipofika. Mikono yako isikose kazi na mdomo wako usikose ukweli, na mtoto wako akulee uzeeni kama nilivyokulea wewe mchanga, kwa chapati na makofi.

Mani anauliza aandike jina gani chini, mke wa nani. Ameshika kalamu, ananitazama. Anataka nimtajie jina la babu yako, nami simtajii. Nimemwambia aandike hivi:

Wako akupendaye hata anapokugombeza,
Bibi yako,
mke wa babu yako. Jina lake unalijua.