Bastola ya Baba Mkwe Imeshafika Sugar Land

Shangazi Everline, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina amani hata kidogo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo sijui kama kutakuwa na cha kusaidia.

Baba mkwe wangu, Mzee Gelasius, anaishi Sugar Land, jirani na Houston, kwa mwanawe Franck, na ujana wake wote aliumalizia kwenye timu ya polisi ya kulenga shabaha huko nyumbani Tanzania, kwa hiyo alipoiona bastola ya mashindano ya aina ileile aliyokuwa akipigia zamani, imejaa kutu, inauzwa pamoja na vyombo vya marehemu mmoja, aliinunua kihalali kabisa na kuishika kama mtu aliyempata ndugu aliyepotea, na kwa kuwa kazi yangu mimi ni kukata vyuma kiwandani hapa Carrollton, jirani na Dallas, akanikabidhi niifufue. Nilifurahi Shangazi, sikufichi, kupewa kazi na mzee kama yule ni heshima kubwa, nikaing'arisha, nikabadilisha springi, ikabaki kipande kimoja tu kilicholika, kale kadogo kanakoshikilia nyundo isianguke mpaka uvute kifyatulio. Kampuni iliyoitengeneza ilikufa zamani na vipuri vyake ni vya kubahatisha mtandaoni, na kabla sijapata chochote Mzee akanipigia kwa furaha kwamba amekiona mwenyewe kwenye picha, amekiagiza, kinakuja kwangu kwa posta. Kilipofika nikaona palepale kwamba ni cha toleo la baadaye, kwa macho ni kilekile lakini tundu la pini limekaa pembeni kidogo na ncha yake ni nene, nikampigia na kuanza kwa kuzunguka, "Baba, hiki kipuri naona kama kina ugeni kidogo." Akacheka. "Mwanangu, silaha hii nimeishika kabla hujazaliwa. Ndicho hicho. Kitie."

Basi ningesema nini? Nilivyolelewa mimi baba mkwe haambiwi amekosea, hata sauti humpandishii, nikachukua tupa nikakisugua kile kipande huku na huku mpaka kikaingia. Nikaijaribu bila risasi, nyundo ikakaa, nikavuta kifyatulio ikaanguka vizuri, nikamshukuru Mungu, halafu nikaigonga ubavuni kwa mpini wa bisibisi na nyundo ikaanguka yenyewe, kidole changu kikiwa mbali kabisa. Nikarudia, ikaanguka tena. Nikamwomba mke wangu Joyceline amwambie mama yake, mama naye atafute namna ya kumwambia Mzee, kwa sababu mambo mazito ya ukweni ndivyo yanavyopita, naye akanijibu, "Wewe ndiye ume-fix, wewe umwambie. Mimi nianzeje kumwambia baba macho yake yamechoka?" Tukanuniana. Kesho yake nikiwa kazini shemeji Franck, aliyekuwa na shughuli zake Dallas, akapita nyumbani akaichukua, na nilipompigia alikuwa ameshafika mbali kwenye barabara ya Houston: "Bro, relax. Mzee ana-miss hiyo kitu vibaya sana. Acha ni-drive, ntakucheki," akakata kabla sijamweleza.

Sasa Mzee ametangaza kwamba Jumamosi anakwenda kulenga shabaha, amealika familia nzima na wazee wenzake, na mikono yake siku hizi inatetemeka, na mama mkwe hapendi kukaa mbali naye. Kila nikimpigia namwamkia, ananishukuru, ananiombea baraka mimi na kizazi changu, nasema asante Baba, nakata. Sili, silali, kazini juzi nimeharibu vyuma mpaka bosi akaniuliza kama naumwa. Shangazi, nimwambieje bila kumvunjia heshima? Au nimwombe Franck aifiche tuseme imeibwa?

Mkwe, Carrollton

SHANGAZI EVERLINE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Huko kukosa usingizi kunanionyesha kwamba una moyo, na mzee wako amepata mkwe anayempenda.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Uliiona kwa macho yako bastola inajifyatua, ukaiacha nyumbani nzima nzima, mtu akapita akaibeba, kisha unaniandikia habari za heshima? Heshima gani hiyo ya kumwachia mzee wa watu kitu ambacho wewe fundi wa vyuma usingethubutu kukitia risasi? Kupitia kwa mama mkwe ni utaratibu mzuri, hata mimi posa yangu ilipita hukohuko na kila mtu alichukua muda wake. Hili halina muda wa kuzungushwa kwa watu watatu. Na wewe Joyceline, kama unasoma, umenisikitisha: uliambiwa jambo la hatari ukasusa.

Hilo la kusema imeibwa lifute kabisa. Mzee ataripoti polisi silaha imepotea, na mtabaki kudanganya mpaka mchoke.

Fanya hivi. Mpigie Mzee leo. Usianze na hali ya hewa wala habari za Carrollton. Shikamoo moja, halafu: "Baba, ile bastola usiitie risasi. Kipuri kilikataa, mimi nikakilazimisha kwa tupa, sasa inafyatuka yenyewe." Hapo hujamwambia amekosea, na kila neno ni la kweli. Kisha Franck atoe magazini, ahakikishe hakuna risasi iliyobaki ndani, aifungie. Ipelekwe kwa fundi bunduki mwenye leseni, hapohapo Houston wapo, na kipuri kitafutwe kwa namba iliyochongwa kwenye bastola yenyewe, siyo kwa picha. Hicho ulichokisugua kitupwe. Kingine kikikosekana, bastola itakaa kama kumbukumbu na Mzee atalenga shabaha kwa ya kukodi, na nina hakika bado atawashinda wenzake.

Lakini nakuona ulivyo. Umeshapiga simu hizo zote ukaishia kuombewa baraka, na nina wasiwasi hata hii utaisoma, ukunje gazeti, upige, useme asante Baba. Namba yako ya simu hukuniwekea, ningekuwa nimeshakupigia zamani. Kwa hiyo jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ila la baba mkwe wako nimeliacha makusudi.

Mzee Gelasius wa Sugar Land, shikamoo. Ile bastola usiitie risasi, wala asiishike mtu mwingine. Inafyatuka yenyewe. Mkweo hakuyadharau macho yako, aliyaheshimu kupita kiasi mpaka akaogopa kukwambia. Ifungie leo, kisha mpigie wewe, umwambie umeshajua, na akianza kukuamkia kwa kirefu, mkatize.